Chuo Kifundishe Nini, na Nani Aulizwe?

Mwezi Juni katika mikoa ya Mtwara na Lindi ni mwezi wa salfa. Mikorosho inatoa maua, na mkulima asipopulizia dawa kwa wakati, ugonjwa wa ubwiriunga huyakausha maua hayo na mavuno ya mwaka mzima hupotea. Ukipita barabarani alfajiri utasikia mlio wa mabomba ya injini kutoka kila upande wa mashamba, maana kazi hiyo hufanywa upepo haujaamka.

Msimu mmoja nilikutana na mzee mmoja kando ya barabara iendayo Masasi. Alikuwa amepakia bomba lake nyuma ya bodaboda, limefungwa kwa mpira. Lilikuwa limekataa kuwaka siku tatu. Nilipomsalimu na kumuuliza aendako, alinijibu, "Naenda mjini, mwanangu. Huku kwetu mafundi wa umeme tunao, wa kushona tunao, wa kompyuta tunao. Wa hiki kidude hatuna." Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakaribia bei ya kifaa kilichoharibika. Mjini alimpata kijana mmoja chini ya mwembe, asiye na cheti chochote, aliyejifunza kwa kufungua injini za pikipiki. Kijana akasafisha kabureta, akabadilisha plagi na ringi, bomba likawaka. Alikuwa na mabomba mengine kumi na moja yakimsubiri. Niliyahesabu.

Nilikuwa na sababu ya kuyahesabu. Nyumbani kwangu nilikuwa nimemwacha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye cheti cha ufundi wa umeme wa majumbani, Ngazi ya Pili. Dada aliuza korosho za misimu miwili kumsomesha. Kijana alifaulu vizuri. Lakini katika darasa lake walikuwa wengi, na chuo cha jirani nacho kilitoa wengine wengi wa fani hiyo hiyo. Mpwa wangu akawa anaendesha bodaboda ya mtu. Mama yake hakuwahi kumlaumu mbele yangu. Aliniuliza tu swali moja, "Kaka, wewe unayezungumza redioni, hivi wale wanaoamua chuo kifundishe nini huwa wanamuuliza nani?"

Mazungumzo yetu ya wiki hii ni jaribio la kumjibu dada yangu.

Nchi yetu haikuanza jana kufikiria jambo hili. Mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Wengi tunaviita FDC. Nia yake ilikuwa chuo kiwe mali ya watu wanaokizunguka, kifundishe watu wazima na vijana yale wanayoyahitaji mahali pale walipo. Leo vyuo hivyo ni zaidi ya hamsini, na tangu mwaka 2016 viko chini ya wizara inayohusika na elimu. Kwa upande wa ufundi stadi, sheria ya mwaka 1994 iliunda mamlaka tunayoijua kwa jina la VETA. Sheria hiyo ilileta mambo mawili makubwa. La kwanza, mafunzo yafuate mahitaji ya soko la kazi, na waajiri na wafanyakazi wawe na viti katika bodi, pamoja na serikali. La pili, waajiri wachangie gharama kwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi.

Tozo hiyo hakatwi mfanyakazi, hulipwa na mwajiri juu ya jumla ya mishahara anayolipa. Kiwango chake kimekuwa kikishuka. Kilikuwa asilimia 6, kikawa 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2021, na mwaka 2023 kikashushwa hadi asilimia 3.5. Tuchukue mfano. Kiwanda kinacholipa mishahara ya shilingi milioni 20 kwa mwezi, kwa kiwango hicho cha 2023, hulipa tozo ya shilingi 700,000. Kwa miaka mingi mgao umekuwa theluthi moja kwa VETA, na theluthi mbili kwenda Hazina kwa matumizi mengine ya serikali, elimu ya juu ikiwamo. Maana yake, katika zile 700,000, zinazokwenda moja kwa moja kwenye ufundi stadi ni kama 233,000 tu. Waajiri wamelalamika juu ya hilo mara nyingi, na kwa hakika hawakosi hoja. Mtu anayelipia mafunzo ya mafundi ana haki ya kuuliza mafundi wako wapi.

Lakini ndugu msikilizaji, hata kama senti yote ingefika chuoni, swali la dada yangu lingebaki palepale. Fedha kufika chuoni ni jambo moja, na kinacholipiwa na fedha hizo ni jambo jingine.

Tuangalie chuo kinavyoendeshwa. Mkuu wa chuo huombea bajeti kwa idadi ya wanafunzi atakaowapokea. Darasa likijaa, hesabu yake imetimia. Ni nadra mtu kurudi baada ya mwaka kumuuliza wahitimu wako wapi. Tena, fani yenye gharama ndogo hujaza darasa kwa urahisi. Kufundisha kutandaza nyaya za nyumba kunahitaji ubao, nyaya, swichi na mwalimu mmoja. Kufundisha majokofu na viyoyozi kunataka mitambo, gesi na vipuri, na kila mwanafunzi anakula vifaa vya thamani. Kama chuo kinapata kiasi kilekile kwa kila kichwa, mkuu mwenye akili timamu atachagua fani ya bei nafuu. Si mtu mbaya. Anafuata hesabu aliyopewa.

Kuna na suala la muda. Mwalimu akishaajiriwa anakaa miaka ishirini au thelathini. Cherehani na mashine za useremala zilizoletwa na mfadhili hukaa muda huohuo. Mahitaji ya mkoa hubadilika katika miaka mitano. Basi chuo huendelea kufundisha kile ambacho mwalimu anakijua na mashine inakiweza.

Wenzetu wa nje nao wamelikuta tatizo hili. Katika jimbo la Texas, Marekani, vyuo vya jamii vilikuwa vikipata fedha za jimbo kwa sehemu kubwa kufuatana na saa za masomo ambazo wanafunzi walikaa darasani. Mwaka 2023 jimbo lilibadilisha sheria. Sasa sehemu kubwa ya fedha hufuata matokeo, yaani wanafunzi wangapi wamepata vyeti vyenye thamani katika soko la kazi, wangapi wamefanikiwa kuhamia vyuo vikuu, na wangapi wa sekondari wamesoma masomo ya chuo wakiwa bado shuleni. Fani zinazohitajika sana hupewa uzito zaidi. Walichokifanya pamoja na hilo ndicho kilichonivutia mimi. Waliona kwamba chuo kikilipwa kwa kufaulisha, kitaanza kuchagua watoto wepesi wa kufaulu. Kwa hiyo wakaongeza fedha kwa mwanafunzi aliyetoka katika familia maskini, kwa aliyeingia na elimu dhaifu, na kwa mtu mzima wa miaka 25 na zaidi. Sisemi tuchukue sheria ya Texas tuipandikize Tandahimba. Mifuko yetu haifanani. Ninalosema ni kwamba chuo hufuata kile kinacholipiwa, na anayebadilisha hesabu ya malipo ajiandae pia kwa hila zitakazozaliwa na hesabu hiyo.

Hapo baadhi yenu mtasema, basi dawa ni rahisi, waulizwe wenye viwanda. Ndiyo, waulizwe. Mwaka 2009 kampuni za migodi zilishirikiana na VETA Moshi kufundisha mafundi wa migodini, vijana wakigawa muda wao kati ya chuo na mgodi. Huo ni mfano mzuri, kwa sababu mwajiri alikuwapo kweli, alileta fedha, na alimpokea kijana kazini akiwa bado mwanafunzi.

Lakini sisi wa kusini tunalo somo jingine. Gesi ya baharini ilipogunduliwa kwa wingi kuanzia 2010, kila mzazi wa Mtwara na Lindi aliota mtoto wake akichomelea mabomba. Mwaka 2013 Mtwara ilishuhudia vurugu juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na watu walipoteza maisha. Bomba likakamilika 2015. Ujenzi ulihitaji mikono mingi kwa muda, na ulipokwisha mikono ile haikuhitajika tena. Ule mradi mkubwa wa kusindika gesi uliotarajiwa Likong'o, Lindi, umekuwa mezani kwa mazungumzo kwa zaidi ya miaka kumi. Chuo ambacho kingeweka mitambo yake yote kwa ajili ya mradi ule kingekuwa kimewaacha vijana njia panda. Lakini kijana aliyefundishwa kuchomelea kwa viwango, kusoma michoro, usalama kazini, hesabu na lugha ya kazi, huyo anaweza kwenda kiwandani, bandarini, au akafungua karakana yake. Msingi mpana humlinda kijana mwajiri mmoja anapoondoka au asipofika.

Na kuna waajiri wasioonekana. Tangu 2021, anayelipa tozo ni mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Yule kijana wa chini ya mwembe hayumo. Mama mwenye majokofu matatu ya samaki pale feri hayumo. Mkulima wa korosho mwenye bomba bovu hayumo. Hawana barua yenye muhuri ya kupeleka kwenye bodi, wala hawatangazi nafasi za kazi magazetini. Lakini ukiwajumlisha, hao ndio soko kubwa la kazi katika wilaya nyingi za nchi hii. Tukiuliza viwanda peke yake tutapata jibu la nusu.

Kwa nini nayasema haya sasa? Katika mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilianza kujenga vyuo vya ufundi stadi katika wilaya 64, pamoja na chuo cha mkoa wa Songwe. Mwaka 2024 mkondo wa amali ulianza katika shule za sekondari. Ni hatua za kupongezwa. Lakini majengo yale hujazwa mashine mara moja, na mashine zikishafungwa sakafuni zitaamua kitakachofundishwa kwa miaka ishirini. Tukikosea leo, tutakuwa tumekosea kwa kizazi kizima.

Mimi si mtaalamu wa elimu, ni mwandishi wa habari. Lakini kwa yale niliyoyaona na kuyasikia naona mambo manne yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, kabla mashine hazijanunuliwa, chuo kitume watu wake wakatembee wilayani mwezi mmoja: sokoni, gereji, viwandani, mashambani wakati wa msimu. Waulize swali moja, "Kitu gani kikiharibika hapa mnakipeleka mbali kutengenezwa?"

Pili, malipo kwa chuo yatofautiane kwa fani, ili fani ghali inayohitajika isikimbiwe. Na sehemu ndogo ya fedha, si yote, ifuate wahitimu wenye kazi au karakana mwaka mmoja baada ya kumaliza. Simu tunazo. Kumpigia mhitimu si kazi ngumu.

Tatu, fani za kudumu ziwe chache na zenye msingi imara, na juu yake ziwekwe kozi fupi za miezi miwili au mitatu zinazoweza kufunguliwa na kufungwa kadiri mahitaji yanavyobadilika. Kozi ya injini ndogo inaweza kuanza Februari, ili mafundi wawe tayari salfa inapoanza.

Nne, mafundi wa mitaani waingizwe. VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na kijana wa chini ya mwembe anastahili kupimwa na kupewa cheti. Nami naongeza kwamba anastahili pia kualikwa chuoni afundishe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelala juu ya kitanda hiki ni yeye.

Nimalizie na mpwa wangu. Siku niliyorudi kutoka Masasi nilimweleza yale mabomba kumi na moja. Akacheka, akasema, "Mjomba, mimi nimesomea umeme." Baada ya wiki akaenda mwenyewe kumtafuta yule kijana. Alikaa naye misimu miwili bila mshahara, akijifunza injini na akimfundisha mwenzake kuchaji betri na kufunga sola. Sasa wana kibanda kimoja chenye bati na makufuli mawili. Nafurahi, lakini furaha yangu ina doa. Misimu ile miwili ya bure ilikuwa kazi ya chuo, na dada yangu alikwisha kuilipia.

Msikilizaji, kama katika wilaya yako jengo la chuo linapanda, nenda kwa diwani wako umuulize litafundisha nini, na nani aliulizwa.