Memori Ipi Imejaa?

Mtu akisema "simu yangu memori imejaa", kila mmoja anamwelewa: hana tena pa kuweka picha. Mtu huyohuyo akienda kununua kompyuta ya kuhariria picha za harusi, anaambiwa memori ni giga 500, naye anaridhika. Siku ya kwanza ya kazi, picha moja inagoma kufunguka na mashine inaganda. Neno moja limebeba vitu viwili, na kwa mhariri wa picha kuvichanganya ni hasara.

Kitu cha kwanza ni RAM, mahali picha inapokaa wakati inafanyiwa kazi; umeme ukikatika, kilichomo kinapotea. Cha pili ni hifadhi, yaani diski ngumu au SSD, ambako faili hubaki hata mashine ikizimwa. Fundi cherehani anaijua tofauti hii. Kabati lake linaweza kujaa majora, lakini meza ya kukatia ikiwa finyu, kila kanzu itakuwa kazi ya kukunja na kukunjua.

Picha nayo hukunjwa. Faili ya JPEG kutoka kamera ya megapikseli 24 huwa na takriban megabaiti 10 kwa sababu imebanwa. Ukiifungua, inatandazwa yote: pikseli milioni 24, kila moja ikihitaji baiti tatu, moja kwa nyekundu, moja kwa kijani, moja kwa buluu. Hizo ni megabaiti 72. Ukihariri kwa biti 16 kwa kila rangi, ili rangi za ngozi na anga zisikatike vipande, zinakuwa 144. Kila tabaka jipya lililojaa pikseli huongeza kiasi kilekile. Matabaka kumi yanakaribia gigabaiti moja na nusu, kabla ya kuhesabu hatua ambazo programu inazitunza ili uweze kurudi nyuma, na kabla ya mfumo wa kompyuta kuchukua fungu lake.

RAM ikijaa, programu huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. Hapo ndipo mashine inapoganda, kwani diski ngumu ya kuzunguka husoma kiasi cha megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya SATA hufika kama 500, wakati RAM hutoa maelfu mengi. Adobe yenyewe inataja gigabaiti 8 kuwa kiwango cha chini cha Photoshop, na inapendekeza 16. Kwa kazi ya harusi, 16 zinatosha wengi. Kuongeza zaidi ya mahitaji hakuharakishi chochote. Meza kubwa kuliko kitambaa haimsaidii fundi.

Fedha inayobaki iende kwenye hifadhi, nayo ina hesabu yake. Faili ya RAW, yaani picha ghafi, ya kamera hiyohiyo huwa na takriban megabaiti 30. Harusi moja ya picha 1,500 ni gigabaiti 45. Harusi 20 kwa mwaka ni gigabaiti 900. Diski ya terabaiti moja inakaribia kujaa, na hapo kila picha ina nakala moja tu.

Nakala moja ni sawa na kutokuwa nayo. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni iliyo rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Diski mbili ndani ya begi moja huibiwa pamoja, na diski mbili ndani ya studio moja huungua pamoja.

Kwa hiyo, ukifika dukani, uliza maswali mawili tofauti: RAM ni kiasi gani, na hifadhi ni kiasi gani na ya aina gani. Kisha jiulize la tatu, ambalo muuzaji hawezi kulijibu: nakala nyingine zitakaa kwa nani? RAM ikipungua, utalipa kwa usiku wa kukesha, na kazi itakwisha. Nakala ikikosekana, anayelipa ni bibi harusi, na siku ile hairudiwi ili ipigwe picha upya.