Kumbukumbu Isiyopotea Umeme Ukikatika

Kompyuta huwa na kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ni ya kazi: ni ya kasi sana, lakini umeme ukikatika yote yaliyomo hupotea. Kila biti huhifadhiwa kama chaji ndogo ndani ya kapasita. Chaji hiyo huvuja, na kwa kawaida haina budi kujazwa upya kila baada ya milisekunde 64. Ya pili ni ya akiba, mathalani flashi, ambamo elektroni hunaswa nyuma ya kihami. Habari hudumu bila umeme, ila flashi ni ya polepole, na kihami chake huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi.

Je, sifa za zote mbili haziwezi kuunganishwa? Mwezi Julai 2015 kampuni za Intel na Micron za Marekani zilitangaza kumbukumbu iitwayo 3D XPoint. Ndani yake nyaya nyembamba mno hukatana kama mitande na mishindio ya nguo. Katika kila makutano pana chembe ya mata ambayo ukinzani wake hubadilishwa kwa umeme: ukinzani mkubwa huwakilisha tarakimu moja, mdogo nyingine. Ukinzani hauvuji kama chaji. Hivyo habari hubaki.

Kampuni hizo zilidai kwamba kumbukumbu hiyo ina kasi mara 1,000 ya flashi. Lakini diski zilizouzwa tangu mwaka 2017 kwa jina la Optane zilisoma kipande kidogo cha habari kwa takriban maikrosekunde 10, ilhali za flashi zilichukua takriban 100. Tofauti hiyo ni mara 10 tu.

Kasoro iko wapi? Tuchukue mfano. Safari ya habari ichukue maikrosekunde 100: 90 ndani ya chembe, na 10 katika njia ya kuifikia kompyuta. Chembe ikiongezewa kasi mara 1,000, zile 90 huwa 0.09. Zile 10 hazipungui. Jumla ni 10.09, faida haifiki hata mara 10.

Bei nayo ilizidi ya flashi. Micron ilijitoa mwaka 2021, na mwaka 2022 Intel ikatangaza kuiacha biashara hiyo.

Basi mwanafunzi asomapo kuwa kitu ni bora mara 1,000, na aulize: kuliko kipi, kimepimiwa wapi, na kwa gharama gani?