"Kupandana": Neno la Kukumbuka Unapoezeka Ghala

Mkulima anayejenga ghala la mahindi huambiwa na fundi kwamba mabati lazima yapandane. Neno hili ni dogo, lakini asiyelielewa huweza kulilipia kwa mavuno yake.

Vitu viwili vikiwekwa ubavu kwa ubavu, kingo zao zikikutana tu, vinagusana. Vikipandana, ukingo wa kimoja hupita juu ya ukingo wa mwenzake na kuufunika. Mtazame kuku: manyoya ya juu hufunika mashina ya yale yaliyo chini yake, na maji ya mvua huteremka bila kufika kwenye ngozi. Magamba ya samaki nayo hupandana vivyo hivyo, kutoka kichwani kwenda mkiani.

Basi uliza mambo mawili: kipi kiko juu, na kimefunika kiasi gani? Maji huteremka, kwa hiyo cha juu hakina budi kukifunika cha chini. Ndiyo sababu kuezeka, kwa nyasi au kwa mabati, huanzia chini na kupanda hadi kileleni.

Kwa mabati ya migongo, mwisho wa bati la juu ulale juu ya bati la chini kwa inchi 6 (sentimita 15). Paa lenye mteremko mdogo lahitaji zaidi. Ubavuni, bati lifunike mgongo mmoja na nusu au miwili ya jirani yake. Anza upande ulio mbali na unakotoka upepo wa mvua, ili upepo usipate ukingo wa kuinua. Misumari ipigwe juu ya mgongo, si bondeni panapopita maji.

Wengine hupunguza kipimo hicho ili waokoe bati moja. Hiyo si akiba. Mahindi huwekwa yakiwa na unyevu usiozidi 13.5 kwa mia. Yakilowa ghalani huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa.

Kabla ya kumlipa fundi, ingia ghalani wakati wa jua kali, funga mlango, utazame juu. Mahali panapopita mwanga, maji pia yatapita. Mwite fundi apatengeneze siku hiyo hiyo.