Ndiva Iliyookoa Ndoa Yetu

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, pesa ilikuwa mada ya mwiko. Kila mtu na mshahara wake, kila mtu na siri zake. Kodi ikifika, ugomvi. Desemba tulipopanda Usangi, wilayani Mwanga, kula sikukuu kwa wakwe, kimoyomoyo nilishaamua: tukirudi Dar, naondoka.

Asubuhi ya pili pembe ikalia. "Mkwe wangu, vaa mabuti, leo ni msaragambo," mama mkwe akaniambia. Nikajikuta nazoa tope kwenye ndiva pamoja na majirani.

Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa mlimani, juu ya mashamba. Kijito chenyewe ni chembamba. Ukikipeleka shambani moja kwa moja, ardhi inakinywa njiani. Kwa hiyo usiku tundu la bwawa huzibwa, maji yanajikusanya. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka mferejini kwa nguvu na kufika mbali, kwa zamu. Hakuna pampu wala dizeli, ni mteremko tu. Wazungu waliopita Upare mwishoni mwa karne ya 19 walikuta mifereji tayari inafanya kazi.

Na ufundi huu si wa Upare peke yake. Kule Engaruka, ndani ya Bonde la Ufa, yapo magofu ya makazi ya wakulima waliomwagilia kwa mifereji ya mawe kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Watu walihama, mawe yakabaki. Upare watu bado wapo, maana tope bado linazolewa.

"Mama, kwa nini kila mtu asichote yake kijito kinapopita?" nikauliza.

Akacheka. "Mwanangu, wa juu atalowesha mgomba mmoja, wa chini atalala njaa."

Usiku ule nilimtajia mume wangu mshahara wangu kwa mara ya kwanza. Naye akafunguka: kumbe alikuwa analipia wadogo zake ada kwa mkopo, anaona aibu kusema!

Siku hizi tuna akaunti tuliyoibatiza "Ndiva". Mshahara ukiingia, kila mmoja anaweka fungu. Mwisho wa mwezi tunafungua pamoja. Atakayechelewa anapigwa faini, kama asiyetokea msaragambo.

Mwezi uliopita nilichelewa mimi. Nimeosha vyombo wiki nzima, na bado nipo nyumbani kwangu.