Kompyuta Yamjuaje Aliyeingia?

Shuleni kwetu kompyuta moja hutumiwa na wanafunzi wengi, na kila mmoja huingia kwa jina lake. Mimi huandika skripti, yaani orodha ya amri zinazofuatwa moja baada ya moja, ili kuhifadhi kazi za kila mtu mahali pake. Skripti ikikosea jina, kazi ya mmoja yaweza kufunika ya mwenzake, nayo ikapotea kabisa. Basi yapasa iulize kwanza: nani ameingia?

Katika Linux ziko njia tatu zifaazo kujulikana. Ya kwanza ni kusoma neno $USER. Ni rahisi, lakini mtu yeyote aweza kulibadili, kwa hiyo si la kutegemewa. Ya pili ni amri whoami, ambayo hutaja yule ambaye kazi inafanywa kwa mamlaka yake. Lakini angalieni: ukiiendesha skripti kwa sudo, jibu litakuwa root, yaani msimamizi mkuu, wala si wewe. Hapo soma $SUDO_USER, ambamo sudo huweka jina la aliyeiita.

Askari akivaa kofia ya mkubwa wake, tusiulize kofia ni ya nani tu. Tuulize pia ni nani aliyeivaa.