Maji Yavujapo katika Injini Iliyofunguliwa Upya: Habari ya Peugeot 404

Miongoni mwa magari ya zamani yaliyoacha jina katika Afrika Mashariki, Peugeot 404 ina cheo chake, kwa kuwa ndiyo iliyotwaa mashindano ya Safari mwaka 1963, ikayatwaa tena mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968, na mara mbili katika hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Basi si ajabu kuwaona leo wapenzi wake wakizitafuta zilizolala miaka chini ya miembe, wakazifungua injini, wakatia pistoni na slivu mpya, wakachonga hedi na kuziwasha tena kwa shangwe. Illa shangwe hiyo aghalabu huingia doa mwenye gari aonapo kidimbwi sakafuni asubuhi yake. Shauri langu kwake ni kwamba asishike spana kabla hajajua maji yatokea wapi.

Amma tone la maji ni shahidi wa uongo, na katika injini hii uongo wake umezidi, kwa sababu waundaji waliilaza upande kwa nyuzi 45 ili boneti liwe la chini, hata maji yanayopenya juu, penye maungio ya hedi na bloku, hufuata ukingo wa chuma, yakapita hapa na pale, ndipo yakadondoka mbali na yalikotoka. Kwa hiyo injini na ioshwe, ikaushwe barabara, kisha, ilhali ingali baridi, ifungwe pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, ijazwe upepo mpaka kufikia kipimo kilichopigwa chapa juu ya kifuniko cha rejeta, wala kisizidishwe. Ubaridi ni sharti, kwani katika injini ya moto uvujaji mdogo hugeuka mvuke kabla haujaonekana, ukaacha ukoko tu. Tena chuma kikivimba kwa joto, mianya mingine hujiziba, ikafunguka usiku gari lilalapo.

Uvujaji wa nje haunishughulishi sana. Mpira mpya uliokazwa kwa klipu mpya huvuja vilevile iwapo shingo ya alumini unapovaa imeliwa na chumvi ikawa mashimo mashimo, na dawa yake ni kubadili shingo, si kuongeza nguvu ya bisibisi. Pampu ya maji nayo ina kitundu chini yake, ambacho kazi yake ni kutoa habari ya kufa kwa sili; wako mafundi wanaokiziba kwa gundi ya chuma, na kwa hila hiyo wakayaelekeza maji kwenye beringi.

Walakini geji ikishuka na nje pakawa pakavu, illeti imo ndani, na hiyo ndiyo itakayo maelezo. Bloku ya 404 ni ya chuma cha kusubu, hedi yake ni ya alumini, nazo pistoni haziendi ndani ya bloku yenyewe bali ndani ya slivu nne za kuchomoleka, ambazo maji huzizunguka na kuzigusa kwa nje, juu zikibanwa na gasketi ya hedi, chini zikikalia pete nyembamba. Slivu hizo hazina budi kuchomoza juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache tu za mia za milimita, zote nne kwa kimo kilichokaribiana. Moja ikizama, gasketi haibanwi sawasawa mahali pale, na moshi wa silinda hupenya ukaingia majini, hata mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu mara tu injini iwashwapo, kabla maji hayajapata moto. Ubovu ukiwa chini, maji hushukia kwenye sampu, na jaribio lake ni jepesi: gari lilale usiku kucha, asubuhi boliti ya kumwagia oili ilegezwe polepole kwa vidole bila kuchomolewa, chombo kikiwa tayari chini. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, hutangulia kutoka, matone mawili matatu kabla ya ule weusi. Mwenye kuyaona asiiwashe injini hiyo asilani, maana beringi za krenki hazihimili maji.

Hapa ndipo hasara nyingi huzaliwa. Fundi aliyezoea injini ambazo silinda zake zimetobolewa katika bloku yenyewe hulegeza boliti, akanyanyua hedi moja kwa moja, kisha akazungusha krenki apate kutazama pistoni. Hedi iliyoganda huzivuta slivu juu kidogo, pistoni zikazisukuma, pete za chini zikaachana na makalio yake, naye, akifunga gasketi mpya, huwa ametibu uvujaji wa juu na kuzaa wa chini. Njia ya salama ni kuitikisa hedi kwa ubavu, kwa vyuma viwili vilivyotiwa katika matundu ya boliti, mpaka iachane na gasketi, halafu slivu zibanwe kwa washa pana na boliti kabla krenki haijaguswa. Lau slivu imekwisha kusogea, haina hila ila kutolewa, kalio lake likasafishwa mpaka ling'ae, ikatiwa pete mpya na kupimwa kimo upya, ijapokuwa kazi hiyo hudai sampu nayo ishuke.

Wako watiao rejetani ute wa yai au manjano, wakaona tone limekoma. Haliwi jambo, kwani kilichoziba mwanya huziba na vijia vya rejeta, na injini ikachemsha. Maji ya visima vya pwani nayo yaepukwe kwa chumvi yake.

Gari likisha kwenda mwendo wake wa kwanza na kupoa kabisa, boliti za hedi zikazwe tena kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha tapeti zipimwe upya, maana hedi ikishuka nafasi ya valvu hupungua. Mafundi wengi huiona kazi hii ya pili kuwa ya bure. Mwenye gari na aidai kabla hajalipa.