Taa ya Sebule: Pima Kwanza, Fundi Aje Baadaye



Vikundi vingi huku Isiolo sasa vinatumia merigoraundi kuweka sola nyumbani. Zamu ya mtu ikifika, ananunua paneli, betri na globu. Fundi anakuja, anapanda ngazi na kuuliza: "Mama, niweke wapi?" Mwenye nyumba anaonyesha katikati ya dari. Jioni taa inawaka, watoto wanashangilia, majirani wanakuja kuona.

Wiki ya pili utamkuta mtoto wa shule amewasha koroboi tena. Kwa nini? Meza yake iko kando ya ukuta na taa iko nyuma ya mgongo wake. Kitabu kimeingia ndani ya kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Pesa ya kikundi imekwenda na mafuta ya taa bado yananunuliwa, na koroboi bado iko juu ya meza mahali mtoto mdogo anaweza kuivuta.

Kwa hivyo katika toleo hili tuzungumze juu ya taa za dari katika chumba kile ambacho wengi wetu tunakitumia kwa yote: kukaa, kula, kusoma na kupokea wageni. Jambo tunalotaka kusema ni moja tu. Usianze na dari, anza na watu. Jioni wanakaa wapi? Wanakula wapi? Nani anasoma, na anaelekea upande gani? Chukua kijiti uchore chumba mchangani, uweke meza, makochi na mlango, halafu ndipo uweke taa.

Sasa tuje kwa urefu, maana hapa ndipo watu wanapoteza mwanga bila kujua. Taa ikiwa mbali mara mbili, mwanga unaofika haupungui nusu, unabaki robo. Chukua dari yenye urefu wa mita 2.75 na meza ya sentimita 75. Kutoka globu hadi meza ni mita 2. Ukiishusha globu kwa waya mita 1, umbali unabaki mita 1, na meza inapata mwanga mara nne. Globu ni ile ile, bei ni ile ile, betri haijaongezewa mzigo wowote! Juu ya meza hakuna anayepita, kwa hivyo hakuna wa kugonga kichwa. Siku ya wageni mkisogeza meza, waya unakunjwa na kutundikwa kwenye ndoano ya darini.

Na wale tunaokula kwenye mkeka je? Nyumba nyingi zetu hazina meza ya kulia, na mwezi wa Ramadhani jirani zetu wanafuturu chini, familia nzima imezunguka sinia. Mkekani mwanga una safari ndefu zaidi: chini panapata karibu nusu tu ya ule ambao ungefika mezani. Hapo ndoano inasaidia zaidi. Shusha taa wakati wa chakula, ipandishe mkimaliza. Lakini usiiweke juu ya sinia kabisa. Mvua ikinyesha, kumbikumbi watakuja kwa taa, na mnajua wanaangukia wapi. Isogeze kando kidogo, na uchague globu ya mwanga wa manjano, kwa sababu huo huvuta wadudu wachache kuliko ule mweupe wa kibuluu. Kwenye pakiti angalia namba yenye herufi K: 2700 au 3000 ni manjano, 6500 ni ya kibuluu. Kwa meza ya kusomea 4000 inafaa.

Kabla ya kununua taa zaidi, angalia rangi ya dari yenyewe. Dari iliyojaa moshi inameza mwanga, na dari nyeupe inaurudisha chini. Mara nyingine mkebe mmoja wa rangi nyeupe unafanya kazi ya globu ya ziada, tena rangi haili betri.

Sasa hesabu. Msiiogope. Wati za globu mara saa inazowaka ndizo wati-saa. Tuseme globu ya mezani ni wati 7 kwa saa 3, hiyo ni 21. Ya makochi ni wati 5 kwa saa 4, hiyo ni 20. Taa ndogo ya mlangoni ni wati 1 kwa saa 10 za usiku, hiyo ni 10. Jumla ni wati-saa 51 kwa siku. Mkitaka akiba ya siku mbili za mawingu, ni 102. Na betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Basi mnahitaji 204. Gawanya kwa volti 12 mpate 17. Ulizeni betri ya 18 au 20, na paneli ya wati 30. Muuzaji akiwaambia ile ndogo inatosha, mwonyesheni hesabu hii.

Simu nazo? Simu kubwa za kisasa zinakula wati-saa 15 hadi 20 kila moja, karibu sawa na ile taa ya makochi jioni nzima. Simu mbili za vijana zinaweza kuzima taa ya anayesoma. Haya ni mazungumzo ya nyumbani, siwezi kuwasaidia hapo.

Kila taa iwe na swichi yake. Taa zote zikifungwa kwenye swichi moja, chumba chote kinawaka kwa ajili ya mtu mmoja anayetafuta viatu.

Sola yenyewe si ngeni kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu wa Meru walifungiwa taa za sola katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi. Mhandisi Mmarekani, Harold Burris, na mwalimu wa kujitolea, Mark Hankins, walifanya kazi hiyo, na mafundi wa huko wakafundishwa. Hiyo ilikuwa shule ya harambee, ya watu wa kuchanga kama sisi, na taa zilitakiwa ili wanafunzi wasome usiku.

Siku hizi mjini kuna mtindo wa taa za kuzamishwa ndani ya dari ya jipsamu. Zinapendeza, lakini chini ya mabati ya Isiolo mimi sizipendi. Mchana nafasi ile ya juu ya dari ni kama jiko, na joto hupunguza maisha ya globu hizi za LED. Afadhali taa iliyoning'inia. Waya za juu ya dari zipitishwe kwenye paipu ya plastiki, kwa sababu panya hawajui kuchagua.

Kama ni stima na si sola, hii si kazi ya kijana wa jirani. Volti 240 zinaua. Fundi awe na leseni ya EPRA, na aonyeshe leseni yenyewe, si kwa maneno tu. Mpango wa taa ni ule ule, mchoro mpeni kabla hajakata waya.

Na wale ambao dari imeshapigiliwa na taa iko katikati? Msibomoe kitu. Kwa taa ya sola ya volti 12, mwambie fundi aongeze waya kutoka pale pale katikati, autandaze darini hadi juu ya meza, apige ndoano, ashushe globu. Ni kazi ya nusu saa, na waya wa mita 3 au 4.